Mguu wa Kati wa Kulia

Tarehe 8 Februari

Mama,

Shikamoo. Sisi hapa tu wazima, ila goti la Bibi la kushoto limeanza tena, na mimi nilikuwa na mafua ambayo yamekwisha. Wewe je? Mgongo bado unakuuma? Jumapili kwenye simu ulisema "kidogo," lakini simu alikuwa ameishika Bibi, na ukiongea na Bibi kila kitu huwa kidogo. Naomba unijibu kwenye barua.

Kifurushi nilichotuma pamoja na barua hii kina vichupa arobaini. Kila kichupa kina mbawakawa mmoja ndani ya spiriti, na lebo nimeandika kwa penseli, kwa sababu ulinifundisha kwamba wino huyeyuka. Wengine nimewakamata kwenye dimbwi la machimbo ya kokoto na wengine kwenye mfereji ulio nyuma ya shule. Namba zinafuata siku niliyowakamata, kwa hiyo maji hayo mawili yamechanganyika. Wote ni madume kama ulivyotaka. Nimewatambua kwa nyayo za miguu ya mbele, ambazo ni pana kama vijiko. Kwenye daftari langu kila mmoja ana ukurasa wake: tarehe, maji aliyotoka, urefu, na chochote nilichokiona.

Mimi naona wote ni sawa. Ni weusi, wana mstari wa njano pembeni, na ukubwa wao ni wa punje ya maharage. Nimewatazama kwa lenzi mpaka jicho likatoa machozi na bado ni sawa.

Bibi alivikuta vichupa kwenye kabati la sukari. Akauliza, "Hawa ni nini?" Nikamwambia ni mbawakawa wa majini. Akasema, "Hao ni mende." Nikamweleza kwamba mende ni ukoo mwingine kabisa, wala hawana undugu wa karibu. Akasema, "Basi ni mende waliojifunza kuogelea, na kabati langu si bwawa." Nikavihamishia chini ya kitanda.

Mama, mwaka huu ndio wa mwisho, sivyo? Ulisema hawa wakimalizika na wewe umemaliza.

Ni mimi mwanao.

*

Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika, hakuna kichupa hata kimoja kilichovuja. Fundi wa maabara yetu alizisoma lebo zako akauliza ni mtafiti wa chuo gani. Nikamwambia ni mtafiti anayelala juu ya vielelezo vyake.

Mgongo unauma. Umeniuliza kwenye barua, nami nakujibu kwenye barua. Nakaa kwenye hadubini tangu asubuhi mpaka wafagiaji waanze kupandisha viti juu ya meza. Nikitembea kwenda nyumbani bado naona miguu ya wadudu kwenye kuta. Chumba changu ni kilekile, na jirani wa juu bado anaburuta kitanda.

Umesema ni sawa wote. Kwa nje hata mimi siwezi kuwatofautisha, na nimekaa nao miaka mitatu. Tofauti iko ndani. Nikiifungua ncha ya tumbo la dume kwa sindano, namtoa kiungo chake cha kuzalishia, kitu kidogo kuliko punje ya mchanga. Wengine ncha yake imenyooka. Wengine imepinda kama ndoano. Swali langu lote, lililonitoa nyumbani, ni hilo: je, hawa ni spishi mbili zinazofanana sura, au ni spishi moja ambayo madume wake hawalingani, kama ndugu wa tumbo moja wenye pua tofauti?

Umbo peke yake halitoshi kujibu. Ndiyo maana kila mmoja namng'oa mguu, mguu unasagwa ndani ya kibomba chenye namba yake, na humo tunasoma vinasaba vyake. Ni kama kuwahoji mashahidi wawili, kila mmoja katika chumba chake. Wakisema jambo moja bila kusikilizana, tunaamini. Mguu tunaoutoa ni uleule kwa kila mdudu, wa kati wa kulia. Ya mbele hatuigusi kwa sababu ndiyo inayoonyesha dume, na ya nyuma ndiyo makasia yake.

Sasa habari yenyewe. Chuo cha ualimu cha hapo kwenu wanatafuta mwalimu wa biolojia wa kuanza Januari. Wameniambia nafasi ni yangu, mradi ripoti yangu iwe imekamilika na kupokelewa kabla Novemba haijaisha. Nafasi kama hiyo haitokei mara mbili pale. Nikimaliza na hawa wako arobaini, narudi nyumbani, na sirudi tena huku.

Mwambie Bibi yako apake ile dawa ya goti. Asiiweke kabatini kama pambo.

Mama yako.

*

Tarehe 16 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na goti limetulia kwa sababu nampaka mimi mwenyewe. Mtihani wa biolojia nimepata themanini na tisa. Nilikosea mchoro wa figo.

Bibi ameniuliza ni nini hasa unachochungulia kutwa nzima. Nikasema viungo vya ndani. Akasema, "Viungo gani?" Nikasema vya ndani, Bibi. Akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Miaka mitatu," akaendelea kukunja nguo.

Nimehesabu. Kutoka leo mpaka tarehe thelathini Novemba ni siku mia mbili ishirini na nane. Sikuharakishi. Nimehesabu tu.

Mwanao.

*

Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

Habari za huko? Mimi mzima wa kutembea. Samahani kwa kuandika mara chache. Nikifika chumbani mkono hautaki kushika kalamu, hata kijiko unakishika kwa kulazimishwa.

Majibu yametoka. Ni spishi moja. Wenye ncha iliyonyooka wamo katika makundi yote mawili ya vinasaba, na wenye ndoano vilevile, wamechanganyika kabisa. Mashahidi hawakukubaliana. Maana yake ndoano si alama ya spishi, ni tofauti ya kawaida tu. Profesa amesoma ripoti akasema ni kazi safi, na jarida limeipokea wiki iliyopita. Miaka mitatu, na jibu ni kwamba hapakuwa na kitu cha kutenganisha. Nilipoliona jibu hilo sikufurahi wala sikuhuzunika. Nilifunika hadubini, nikaenda kununua sanduku.

Nimeweka humu nakala ya jedwali lote, namba moja mpaka arobaini, umbo upande mmoja na vinasaba upande wa pili. Ni kazi yako pia. Lihifadhi.

Tikiti yangu ni ya tarehe ishirini na sita Novemba. Anza kuondoa vitabu vyako kwenye kitanda changu.

Mama yako anayefunga mizigo.

*

Tarehe 4 Oktoba

Mwanangu,

U mzima kweli? Wiki ya tano hii sijapata barua yako. Jumapili kwenye simu ulisema "nipo" mara tatu, kisha ukampa Bibi. Mtu mzima akisema "nipo" mara tatu, hayupo.

Kama ni shule, niambie. Kama ni mvulana, niambie pia, nitakasirika kidogo kisha nitaacha. Kama ni Bibi yako anaumwa mnanificha, hapo nitakasirika sana.

Nimeshagawa sufuria zangu. Fundi wa maabara amechukua ile kubwa.

Mama.

*

Tarehe 12 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Bibi haumwi. Mimi pia siumwi, na si mvulana. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na usiisome kazini.

Jedwali lilifika tarehe kumi na moja Septemba. Nilifurahi. Niliamua kukata kila mstari na kuubandika kwenye ukurasa wa mbawakawa wake, ili kila mmoja awe na habari yake yote mahali pamoja. Nikaanza na namba moja, nikaenda vizuri mpaka namba ishirini na tatu.

Ukurasa wangu wa ishirini na tatu unasema hivi, nimenakili neno kwa neno: "Mfereji. Urefu milimita kumi na tatu. Mguu wa kati wa kulia hana. Ulikatika zamani, mahali pake pamepona na pako laini." Lakini jedwali lako linasema mguu wa kati wa kulia wa namba ishirini na tatu ulisagwa na ukatoa vinasaba vya kundi la pili.

Nikajiuliza mguu huo ulitoka wapi.

Nikarudi nyuma nikakagua. Kutoka namba moja mpaka ishirini na mbili, kila aliyenyooka ni kundi la kwanza na kila mwenye ndoano ni kundi la pili. Hakuna aliyekwenda kinyume. Mchanganyiko unaanza ishirini na tatu. Na namba arobaini, mbele yake umeandika "hakuna majibu."

Basi nikachukua mkasi, nikaikata safu ya vinasaba kuanzia ishirini na tatu kwenda chini, nikaisogeza mstari mmoja. Mguu wa ishirini na tatu nikaufanya wa ishirini na nne, wa ishirini na nne nikaufanya wa ishirini na tano, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mama, wote wakakaa sawa. Kumi na saba, na hata mmoja hakukosea. Nafikiri ulipofika kwa yule asiye na mguu ulimruka, lakini kile kibomba chake hukukiruka. Mguu wa anayefuata ukaingia humo. Cha arobaini hakikutoa majibu kwa sababu kilikuwa kitupu.

Mashahidi walikubaliana, Mama. Ni spishi mbili.

Nililijua hilo siku ileile jedwali lilipofika. Leo ni mwezi mzima na siku moja. Nataka nikueleze muda huo ulivyokwenda, usije ukafikiri nilisahau. Kwanza nilijiambia labda niliandika ukurasa vibaya. Kisha nikajiambia labda mguu ulikatikia njiani, lakini nimeandika kwamba pamepona, na kwa mdudu aliyekwisha kufa hakuna kinachopona. Kisha nikajiambia jarida limeshapokea, na wewe umeshanunua sanduku, na kwamba duniani nani anahitaji kujua habari ya ndoano hiyo. Nililiweka jedwali chini ya godoro. Kitanda chako nilikuwa nimekiondolea vitabu. Bibi alikuwa amefua foronya mbili, akaziweka juu yake, akakataza mtu kukaa.

Nilimwambia Bibi wiki iliyopita. Alikuwa anachambua maharage. Nilimweleza yote, na nafikiri alielewa kuliko nilivyotarajia, maana aliuliza swali moja tu.

"Mama yako akijua, atakuja?"

"Labda hatakuja, Bibi."

"Na asipojua?"

"Atakuja tarehe ishirini na sita."

Akachambua, akachambua, mimi nimesimama pale. Nikamuuliza nifanye nini.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Mimi nami namtaka. Kamuulize mtu asiyemtaka."

Sikumpata mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana nimechelewa.

Nisamehe kwa mwezi huo, na nisamehe kwa barua hii. Sijui kubwa ni lipi.

Mwanao.

*

Tarehe 3 Novemba

Mwanangu mpenzi,

Habari zenu? Goti la Bibi linaendeleaje? Nauliza kwanza hayo kwa sababu nikianza na mengine nitasahau.

Niliisoma kazini. Ulinikataza, nikafungua bahasha nikiwa ngazini. Nilikwenda moja kwa moja kwenye droo, nikamtoa namba ishirini na tatu, nikamweka chini ya hadubini. Mahali pa mguu pamepona na pako laini, kama ulivyoandika.

Naikumbuka siku ile. Nilifika kwake nikiwa sijanyanyuka kitini tangu saa nne. Nikaona hana mguu, nikamweka kando nikisema nitamrudia nimtoe wa kushoto. Fundi wa maabara akaniita mlangoni kupokea barafu na kutia sahihi. Niliporudi nikachukua mdudu aliyefuata na kibomba kilichofuata. Sikumrudia. Baadaye nilimwona kando ya sinia, nikamrudisha kwenye kichupa chake, na mikono ilikuwa imechoka kiasi kwamba haikujiuliza kwa nini alikuwa kando. Kwa kile kibomba cha arobaini niliilaumu mashine.

Nitakwambia ukweli kama ulivyoniambia. Nilikukasirikia. Nilikaa kwenye benchi la korido nikikukasirikia wewe na daftari lako mpaka chai ikaota utando. Kisha nikahesabu ule mwezi wako na ile siku moja, nikafikiri ulivyokuwa unaamka kila siku na jambo hilo, unaenda shule nalo, unarudi nalo, na mimi nakuandikia habari za sufuria. Pole, mama. Pole sana. Hilo la mwezi halina cha kusamehewa.

Nilikwenda kwa Profesa. Alisoma kurasa zako mbili, akazigeuza kana kwamba nyuma kuna maelezo mengine.

"Jarida limeshapanga kurasa," akasema.

"Najua."

"Una tikiti."

"Najua, Profesa."

"Mbawakawa hawatakuja hapa kulalamika."

"Aliyewakusanya ameshalalamika."

"Nani huyo?"

"Binti yangu. Yuko kidato cha pili."

Akavua miwani, akayasugua macho kwa muda. Naye amechoka yule mzee, anastaafu mwakani, ripoti hii ilikuwa ya mwisho kwake pia. "Kidato cha pili," akarudia. Kisha akavuta kiti kwenye kompyuta, akaandika barua ya kuiondoa makala, akanipa nami nitie jina langu chini ya lake.

Kwa hiyo sikiliza. Ukisema ni spishi moja, arobaini wanatosha. Ukisema ni mbili, na moja haijawahi kuandikwa popote, watu watataka ushahidi wa kutosha. Inabidi tupate madume wengine sitini, tuwapasue wote, tusome vinasaba vyao wote, na safari hii mtu wa pili akague kila mguu na kila kibomba. Profesa anasema Juni. Mimi naona Julai. Chuo cha ualimu niliwapigia simu. Walinisikiliza kwa adabu, wakasema hawawezi kukaa bila mwalimu miezi sita, na wiki hii wamempa mtu mwingine. Tikiti nimeirudisha. Sitakuja tarehe ishirini na sita.

Nikimaliza nitarudi hata bila kazi ya kufikia. Hilo nimeliamua kwenye lile benchi.

Kuna jambo moja nimelishika kama mtu anayeshika kikombe cha moto siku ya baridi. Spishi mpya huhitaji jina, na jina hutolewa na anayeieleza. Huyo mwenye ndoano nataka nimpe jina lako. Litaandikwa kwenye makala, kwenye droo, na kila mtu atakayemsoma popote atalitaja, hata tukishaondoka wote duniani. Nimeona hicho ndicho ninachoweza kukupa.

Mama yako.

*

Tarehe 17 Novemba

Mama,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Goti liko vilevile. Mgongo wako usiseme "kidogo."

Barua yako nimemsomea Bibi yote, hata mahali pa chai. Nilipofika mahali pa Profesa kuvua miwani alisema, "Maskini mzee wa watu." Nilipofika mahali pa Julai aliinuka. Alikwenda akazikunja foronya, akazirudisha kabatini, akaja akaniuliza kama nimekula.

Sitaki kukudanganya kwamba nina furaha. Mwalimu wetu wa biolojia nilimwonyesha jedwali, akanisimamisha mbele ya darasa wakanipigia makofi, na muda wote nilikuwa natazama dirisha. Wenzangu wanafikiri nimeshinda kitu. Lakini jana nimelala vizuri, Mama, usingizi wa kweli, mara ya kwanza tangu Septemba.

Madume sitini nimeanza kuwatafuta. Leo nina kumi na wanane. Dimbwi la machimbo limepungua na inabidi niingie mpaka magotini. Kila ninayemkamata namhesabia miguu yote sita kabla hajaingia kwenye kichupa, na nimechora jedwali la miguu kwenye kila ukurasa, nitie alama. Utacheka, lakini nitafanya hivyo kwa wote sitini. Kifurushi kitakuja mwanzoni mwa Desemba.

Kuhusu jina. Nimefikiri siku tatu, na naomba usikasirike. Mpe jina la ndoano yake, au la machimbo, au la Profesa anayestaafu. Langu usimpe.

Najua ni heshima kubwa, na asante. Lakini jina langu huku nyumbani lina kazi ambayo haijafanywa. Bibi ananiita "wewe mtoto." Shuleni wananiita kwa jina la ukoo. Kwenye simu unaniita, ila simu inakatakata na linafika nusu. Ulilonipa wewe halijaitwa zima ndani ya nyumba hii kwa karibu miaka minne. Likianza kukaa kwenye droo za huko, na kuandikwa na watu nisiowajua, mimi nitaona kana kwamba limekwenda kukaa nawe na kuniacha huku.

Basi nitunzie tu. Ukifika Julai, simama jikoni uniite. Hata kama huna la kunituma. Hata kama nimekaa hapo hapo mbele yako.

Mwanao.